SOMO: Namba moja, simu mbili au zaidi. Simu na meseji zikufuate ulipo

Wakuu, salaam. Nimechoka kujibu swali hili kwenye meseji za faragha, kwa hiyo naandika mara moja na kila atakayeniuliza nitamtumia hapa. Swali lenyewe: "Nina simu mbili, nataka namba yangu moja ipatikane kote kote, nafanyaje?"

Kabla ya hatua, elewa jambo moja, maana ukilikosa utazunguka siku nzima. Namba yako haikai kwenye simu, na wala haikai kwenye laini. Laini inabeba utambulisho wake na ufunguo wa siri. Namba imeandikwa kwenye kumbukumbu za mtandao, mbele ya utambulisho huo. Mtu akikupigia, mtandao unatazama laini ile mara ya mwisho ilionekana wapi, kisha unaipeleka simu huko. Mahali pamoja tu. Kwa hiyo usitafute kwenye mipangilio kitufe cha kufanya laini moja ilie kwenye simu mbili, hakipo. Tunachofanya ni kushughulikia vitu vitatu, kila kimoja kwa njia yake: simu za kawaida, SMS, na programu kama WhatsApp. Ukivichanganya utarudi kuniuliza.

Hatua ya 1. Chagua simu mama, yaani itakayokaa na laini. Iwe na chaji na mtandao muda wote. Ile nyingine tuiite B, nayo iwe na laini yake.

Hatua ya 2. Elekeza simu kwenda B. Hapa tulieni, ndipo watu wanapoharibu, na msiniulize najuaje.

Kuna kuelekeza kwa aina mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: **21*namba# kisha piga. Ukiweka hiyo, simu mama hailii kabisa, kila anayepiga anakwenda B, na kwenye simu mama huoni hata alama kwamba kuna mtu alipiga. Ya pili ni ya masharti, nayo ndiyo wengi mnayoihitaji bila kujua: **61* usipopokea, **67* ukiwa unaongea, **62* simu ikiwa imezimwa au haina mtandao. Kwa hii, simu mama inalia kwanza, ukikawia ndipo B inalia. Unaweza hata kupanga sekunde, kuanzia 5 hadi 30 kwa kuruka tano tano: **61*namba*11*15# maana yake isubiri sekunde 15. Hiyo 11 iacheni ilivyo, inauambia mtandao kuwa unaelekeza simu za sauti. Ukitaka masharti yote matatu kwa mpigo, **004*namba#.

Sasa maonyo, na yasomwe yote:

Simu yako ikiwa ya laini mbili, hakikisha msimbo umetoka kwenye laini unayoikusudia. Simu nyingi zina laini iliyowekwa kuwa chaguo la kupigia, na hazikuulizi. Utapata jibu zuri kabisa kwamba imekubali, kumbe umeelekeza laini nyingine.

Namba ya B iandike kimataifa, ianze na + na namba ya nchi. Ukiandika kienyeji inaweza kufanya kazi leo, ukivuka mpaka ikagoma.

Maelekezo haya yanakaa kwenye mtandao, hayakai kwenye simu. Ukitoa laini ukaiweka kwenye simu nyingine, bado yapo. Ukifuta simu ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, bado yapo. Kuna watu wamebadilisha simu wakidhani ndiyo mbovu, kumbe **21* ya zamani bado inafanya kazi yake.

Kama unatumia sanduku la sauti, jua kwamba lenyewe linafanya kazi kwa **61*, **62* na **67* hizi hizi. Ukiweka namba ya B, umeling'oa. Kwanza piga *#61#, uone namba iliyopo na uinakili mahali, ndipo uweke ya kwako.

Usielekeze mama kwenda B, kisha B kwenda mama. Mpigaji atakatikiwa, na wewe hutajua kama kuna mtu alikutafuta.

Gharama: safari ya kutoka kwako kwenda B unailipia wewe, kama vile umepiga mwenyewe. Mpigaji analipia ya kwake tu. Na ukiwa nchi ya nje na simu mama mkononi, usiache **61* wala **67*. Simu inaweza kuja hadi huko uliko, ukose kuipokea, kisha irudishwe nyumbani kwenda B, nawe ulipie safari zote mbili. Ukisafiri weka **21* kabla hujaondoka, au futa kila kitu.

Ukimaliza kuweka, kagua: *#21#, *#61#, *#67#, *#62#. Kisha azima simu ya tatu ujipigie. Usijipigie kutoka B, maana B itakuwa inatumika na jaribio halitakuambia kitu. Kufuta yote: ##002#. Kufuta ya masharti tu: ##004#.

Hatua ya 3. SMS. Misimbo ya juu haihamishi SMS. Narudia, haihamishi. SMS inafuata laini ilipo, basi. Unachoweza ni kuifanya simu mama iipitishe kwa kifaa kingine kwa intaneti. Android yenye Google Messages: fungua programu, gusa picha ya akaunti yako, ingia sehemu ya kuunganisha vifaa, kisha kwenye kompyuta fungua messages.google.com/web uunganishe. iPhone: kwenye mipangilio ya Messages kuna sehemu ya kusambaza SMS, unachagua iPad au Mac yenye akaunti ileile ya Apple. Samsung nao wana huduma ya simu na meseji kwenye vifaa vingine, kwa akaunti moja ya Samsung. Kote huko sharti ni moja: simu mama iwe imewaka na ina mtandao. Ikizima, huku kwingine unabaki kusoma za jana.

Hatua ya 4. WhatsApp. Kwenye B sakinisha, ukifika pa kuandika namba usiandike. Gusa vidoti vitatu, chagua kuunganisha na akaunti iliyopo, kisha uiskani QR kwa simu mama kupitia Vifaa Vilivyounganishwa. Vinaruhusiwa vinne mbali na simu mama. Simu mama ikizima, B inaendelea kufanya kazi, lakini usipoifungua WhatsApp kwenye simu mama kwa zaidi ya siku 14, vifaa vyote vinatolewa.

Hatua ya 5. Telegram: ingia tu kwa namba yako, kila kifaa kinapata kila kitu isipokuwa mazungumzo ya siri.

Karibuni kwa maswali, ila someni kwanza.

---

Swali: Mkuu somo zuri ila refu sana. Nimefanya haifanyi kazi.

Jibu: Umefanya nini? Hatua ya ngapi? Ulijibiwa nini kwenye kioo? Simu ya laini moja au mbili?

Swali: Meseji za benki zile za kuthibitisha zitafika B?

Jibu: Hatua ya 3, sentensi ya kwanza.

Swali: Asante mwalimu. Nina swali la udadisi tu. Kwa nini tusinakili laini? Kama ni ufunguo na utambulisho, si unaweka kwenye kadi nyingine unakuwa na mbili?

Jibu: Swali zuri sana hili. Ufunguo ule hautoki nje ya kadi. Mtandao unaitumia kadi namba ya kubahatisha, kadi inapiga hesabu ndani kwa kutumia ufunguo, inarudisha jibu. Mtandao nao unapiga hesabu ileile, majibu yakilingana unaingia. Ufunguo wenyewe haupiti hewani hata mara moja. Zamani kuna kadi zilikuwa na hesabu dhaifu iliyoitwa COMP128, na mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukiiuliza kadi maswali mengi ya kutosha unaweza kuukisia ufunguo. Kadi za sasa hazitumii hesabu ile. Na hata ungefanikiwa usingepata unachotaka: mtandao unaandika mahali pamoja tu, kwa hiyo kadi iliyojisajili mwisho ndiyo inayopata simu, na ile nyingine inaonyesha mtandao upo kumbe haipokei kitu. Ungekuwa unazungushwa na kadi zako mwenyewe. Na kisheria ungekuwa pabaya.

Swali (huyohuyo): Sasa mbona saa janja zina laini yake na zinapokea simu za namba ileile?

Jibu: Umenikamata vizuri. Ile saa ina eSIM, yaani laini iliyojengwa ndani isiyo kadi ya kuchomoa, yenye utambulisho wake kamili, tofauti na wa simu. Ujanja uko kwa kampuni ya simu: wamezifunga laini mbili kwenye namba moja, simu ikiingia wanaigawa iende kote, atakayepokea kwanza ndiye wake. Apple Watch imekuwa ikifanya hivyo tangu 2017. Kampuni nyingine zinauza huduma hiyohiyo kwa simu na tableti, majina yanatofautiana. Kwa hiyo uliza huduma kwa wateja: "Mna huduma ya namba moja kwenye vifaa viwili?" Wakikuambia ipo, achana na hatua ya 2 yote, hiyo ni bora. B itaonyesha namba yako hata unapopiga wewe.

Swali: Hapo kwenye kupiga nimesimama. Nikipiga kwa B baada ya kuelekeza, mtu ataona namba ipi?

Jibu: Ya B. Kuelekeza ni kwa zinazoingia tu. Anayekupigia, kwa kawaida utaona namba yake kwenye B, lakini ukimrudishia kwa B ataona namba asiyoijua. Waambie watu wako mapema.

Mdau mwingine: Naongezea kwa wa iPhone. Programu ya Shortcuts inaweza kukutumia SMS zinazoingia kwenda namba nyingine. Tengeneza otomatiki ya ujumbe, weka neno litakalokuwepo kwenye meseji, halafu kitendo cha kutuma, na uchague ifanye bila kuuliza. Kwangu nimeweka jina la mtumaji mmoja tu wa kazini, zinakuja safi.

Jibu: Safi mkuu. Na umefanya vizuri kuweka mtumaji mmoja. Msielekeze kila kitu, SMS inayotumwa inakatwa salio kama SMS nyingine.

Swali: Kuna programu nimeona ya kusambaza SMS zote kwa Android, bure, ina matangazo kidogo. Niweke?

Jibu: Kila programu unayoiruhusu kusoma SMS inasoma na namba zako za kuthibitisha. Google wenyewe tangu 2019 wameibana ruhusa hiyo kwenye duka lao. Ukiambiwa pakua faili kutoka nje ya duka, jiulize kwa nini. Mimi siweki.

Swali: Boss, nataka meseji za WhatsApp za mke wangu ziwe zinaingia na kwangu, ila yeye asijue. Hatua ya 4 itafaa?

Jibu: Hapana. Somo hili ni la namba yako.

Mdau mwingine: Ndiyo maana nawaambia watu wafungue Vifaa Vilivyounganishwa kila mara. Ukikuta kifaa usichokijua, kiguse ukitoe.

Jibu: Na *#21# piga leo hii hata kama hujawahi kuelekeza simu. Kuna matapeli wanapiga wakijifanya watoa huduma, wanakuomba ubonyeze **21* na namba yao "kurekebisha mtandao". Ukibonyeza tu, wanaomba WhatsApp yako ithibitishwe kwa kupigiwa simu badala ya SMS, ile simu inakwenda kwao, akaunti imekwenda. Hakuna mtoa huduma anayehitaji ubonyeze msimbo wenye namba ya mtu.

Swali: Simu mama imeibiwa juzi nikiwa nimeelekeza kwenda B. Naweza kufuta kwa kutumia B?

Jibu: Pole sana. Misimbo inafanya kazi kwenye laini yenyewe tu, B haiwezi. Lakini usifute kwa haraka, kwa sasa kuelekeza kunakusaidia, simu zinakufikia. Piga huduma kwa wateja wafunge laini, urudishiwe nyingine, ndipo ukague *#21# ukiwa nayo mkononi.

Swali: Mimi inaniandikia "Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI".

Jibu: Asante kwa kuandika neno kwa neno, wengine waige. MMI ni jina la misimbo hii ya nyota na reli. Angalia kwanza kama umekosea nyota au alama ya reli. Kama msimbo uko sawa, ingia kwenye mipangilio ya programu ya kupigia simu, utakuta kuelekeza simu, weka humo, maana kuna laini za 4G zinazokataa msimbo lakini zinakubali menyu. Ikigoma na huko, huenda huduma imefungwa kwenye laini yako, waulize kampuni yako ya simu.

Swali (yule wa "haifanyi kazi"): Nimekagua. Simu ni ya laini mbili, na kumbe imeelekezwa ile laini ya kazini. Watu wa kazini wakinipigia inalia B, iliyo kwa mke wangu, tangu asubuhi.

Jibu: Chagua laini ya kazini, piga ##002#, kisha *#21# na *#61# uone zimefutika. Kama laini hiyo ilikuwa na sanduku la sauti, waombe huduma kwa wateja walirudishe. Halafu rudi hatua ya 2 ukiwa umechagua laini sahihi, na mwombe radhi mama watoto.