Mtoto akiungua kwa chai au uji: dakika 20 za kwanza

Binti yangu alikuwa na mwaka na nusu alipovuta kitambaa cha meza, chai ya moto ikammwagikia kifuani. Jirani akaja mbio na dawa ya meno, nami kwa kihoro nikampaka. Hospitali muuguzi alilazimika kuiosha yote ndipo akakiona kidonda, mtoto akilia mpaka sauti ikakauka. Ndiyo maana naandika kuhusu kuungua.

Kwanza mtoe mtoto kwenye hatari. Kama ni umeme, zima swichi kuu kabla hujamgusa.

Pili, maji. Ukisahau mengine yote, hili lishike. Mimina maji safi ya kawaida juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, na utazame saa, maana mtoto akilia wengi wetu huacha baada ya dakika mbili. Chai ikishamwagika, joto hubaki ndani ya ngozi na kuendelea kuunguza. Maji ndiyo hulitoa. Bomba likiwa halitoki, tumia ndoo na kata. Umechelewa? Ndani ya saa tatu bado yanasaidia. Barafu usiweke, huumiza ngozi zaidi. Sehemu nyingine za mwili zifunike kwa khanga, mtoto mdogo hupata baridi upesi.

Huku ukimwagia, mvue nguo, bangili na shanga kabla hajavimba. Nguo iliyogandana na ngozi iache.

Kisha funika kwa kitambaa safi bila kukaza, mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Malengelenge usiyatumbue.

Mpeleke hospitali kama jeraha limezidi kiganja chake mwenyewe, au liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungio au sehemu za siri. Mtoto wa chini ya miaka mitano, mimi ningempeleka hata likiwa dogo.

Swali: Kwetu bibi anatumia manyoya ya sungura na watu wanapona. Kuna ubaya gani?

Jibu: Bibi tunamheshimu, ila majeraha madogo yangepona hata bila manyoya. Kwenye jeraha kubwa manyoya huingiza vijidudu. Unga, ute wa yai na mafuta ya taa, vivyo hivyo usiweke.

Swali: Huku kisima kiko mbali, ndoo moja ni ya siku nzima.

Jibu: Loweka kitambaa safi, kiweke juu ya jeraha, ukibadilishe kila kinapopata joto. Maji ya kunywa nayo yatumie, mengine mtachota.

Swali: Mwanangu kaungua mguu asubuhi, pamekuwa peupe wala hapamuumi. Si ndiyo anapata nafuu?

Jibu: Hapana, dada. Moto umefika chini kabisa, umeua mishipa ya fahamu, ndiyo maana hasikii maumivu. Mfunike mguu, mwende hospitali sasa hivi, na uwaambie waangalie chanjo yake ya pepopunda.