Homa inarudi, viganja vimepauka, mavilio bila kuanguka: jinsi ya kuishtukia saratani ya damu mapema

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka minne homa zilipoanza. Akapewa dawa ya mseto, homa ikatulia siku tatu ikarudi, akapewa tena, mara ya tatu tukaambiwa ni taifodi, na muda wote huo mama yake ananiambia kwenye simu mbona huyu mtoto hataki kutembea anataka kubebwa tu, halafu miguuni ana mavilio kama kapigwa na hajapigwa na mtu. Zikakatika wiki sita mpaka daktari mmoja kijana akasema hebu tupime picha kamili ya damu. Ilikuwa lukemia, yaani saratani ya damu. Mtoto yupo, kamaliza matibabu, sasa hivi yuko darasa la tatu, ila zile wiki sita bado zinaniuma ndo maana naandika haya.

Elewa kwanza kinachotokea. Ndani ya mifupa kuna uboho, wengine wanaita uloto, na huko ndiko damu inakopikwa. Kwenye lukemia chembe nyeupe zilizoharibika zinazaliana hovyo zinajaa humo mpaka chembe nzima zinakosa nafasi. Ukishika hilo dalili zote utazikumbuka bila kukariri: chembe nyekundu zikipungua mtu anapauka, anachoka, anahema akipanda ngazi tu. Chembe sahani zikipungua, hizi ndo zinazogandisha damu, basi anavilia na kutokwa damu. Chembe nyeupe nzima zikipungua, homa na vidonda vya mdomoni haviishi. Na uboho ukijaa sana mifupa yenyewe inauma, ndo maana yule mtoto aligoma kutembea.

Sasa jinsi ya kumkagua mgonjwa nyumbani. Kwa ngozi zetu usitafute weupe usoni, utadanganyika. Vuta kope ya chini uangalie ndani, angalia ulimi, kucha, na viganja, weka kiganja chake pembeni ya cha kwako mwangani mlinganishe. Halafu mvue nguo umwangalie mwili mzima: mavilio mgongoni, tumboni, mapajani, sehemu ambazo mtoto hajigongi kila siku. Angalia vidoti vidogo vyekundu au vya zambarau hasa kwenye miguu, kwenye ngozi nyeusi vinaonekana vizuri zaidi nyayoni na ndani ya mdomo, gandamiza glasi safi juu yake na kama vinabaki vilevile havifutiki basi ni damu imevuja chini ya ngozi, usisubiri kesho. Papasa shingoni, kwapani na kinenani kama kuna mitoki. Tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu kama limekuwa gumu, huenda bandama imevimba. Muulize kuhusu fizi kutoka damu akipiga mswaki, pua kutoka damu muda mrefu, na kwa binti au mama hedhi iliyokuwa nzito ghafla. Kutoka jasho usiku mpaka shuka linalowa na kupungua uzito pia ni vya kutaja.

Ukiacha vile vidoti visivyofutika, dalili moja peke yake isikutie hofu, watoto wanajigonga, malaria ipo kweli, maumivu ya mifupa yanaweza kuwa selimundu na mitoki inaweza kuwa TB. Kinachotakiwa kukushtua ni zikija kwa pamoja, au homa inayorudi wakati kipimo cha malaria kinasoma hakuna.

Kuna mambo naomba sana msifanye kabla ya vipimo. Usimpe asprin, diklofenaki wala dawa jamii hiyo, zinazidisha kutoka damu. Kataa sindano za msuli kama anavilia, paja linaweza kuvimba damu. Na hili wengi hawalijui, zile sindano za deksa na vidonge vya prednisoloni vinavyotolewa kirahisi madukani ili mtu apate nguvu zinaweza kuzipunguza chembe za saratani kwa muda, mgonjwa akaonekana kapona na vipimo vikapotosha, halafu ugonjwa unarudi ukiwa mgumu zaidi kutibu.

Ukifika hospitali taja FBP kwa jina, ndo ile picha kamili ya damu, Kenya wanasema hemogramu. Siyo kipimo cha ajabu, hospitali nyingi za wilaya wanacho. Chembe sahani za mtu mzima mwenye afya ni kati ya elfu 150 na 450 kwa kila maikrolita, chembe nyeupe kama elfu 4 hadi 11, kwa watoto wadogo zinapanda kidogo. Lakini usitulie kwa sababu chembe nyeupe ziko kawaida, kuna lukemia zinaanza na namba za chini kabisa. Kama namba haziendi sawa omba damu itandazwe kwenye kioo isomwe kwa darubini na mtu, mashine peke yake haitoshi. Baada ya hapo ndo wanavuta uboho kwenye mfupa wa nyonga, kwa ganzi, na hapo ndo aina inajulikana.

Aina kubwa ni nne. Mbili ni kali, zinaenda kwa wiki: ALL ndo saratani inayoongoza kwa watoto, inawapata zaidi wa miaka 2 hadi 5, matibabu ni miaka miwili mpaka mitatu na nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi wanapona. AML inawapata zaidi watu wazima, nayo haina subira kabisa. Mbili ni sugu, zinaenda polepole. CLL ni ya wazee, mara nyingi inagundulika kwa bahati na daktari anaweza kusema tuangalie tu kwanza, familia isidhani mzee katelekezwa. CML ndo ile ya bandama kubwa, inatokana na hitilafu ya kromosomu, nyuzi za urithi ndani ya chembe, iliyogunduliwa Philadelphia mwaka 1960, na tangu 2001 ina kidonge, imatinibu, kinachomezwa kila siku. Wagonjwa wengi wa CML wanaishi miaka mingi wakifanya kazi zao, hatari ni kuacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri.

Haiambukizi, mlale naye mle naye. Na usimsake mchawi, wala mama asijilaumu alikula nini akiwa mjamzito, kwa wagonjwa wengi sababu haijulikani.

Kwa Dar watoto wanatibiwa Muhimbili, wodi ya Upendo, ambako shirika la Tumaini la Maisha linasaidia matibabu yawe bure, kwa hiyo usikae nyumbani ukihofia bili. Kanda nyingine ulizia rufaa ya hospitali ya Bugando kule Mwanza au KCMC kule Moshi. Na siku ya kwenda msiende wawili tu, beba ndugu watatu wanne wenye afya wa kuchangia damu, kwa sababu chembe sahani hazikai benki zaidi ya siku tano hivi, mgonjwa anaweza kuzihitaji tena wiki hiyohiyo, kwa hiyo wapangeni kwa zamu.