Somo: Kuvua tasi kwa mshipi Tanga, chambo gani na ndoana ipi

Wengi wanaoanza kuvua mshipi hapa Tanga wanashindwa na tasi kwa sababu wanamvua kama changu. Changu ni mla nyama, ukimshushia kipande cha ngisi anakifuata. Tasi analisha. Kuanzia jua linapochomoza hadi machweo yuko juu ya majani ya bahari na kwenye miamba, anadonoa mwani kwa kidomo kidogo, anasogea hatua mbili tatu, anadonoa tena. Ndoana kubwa yenye pande la ngisi anaipita pembeni, na wewe unarudi nyumbani ukitangaza kwamba Raskazone hakuna samaki. Wapo, tena kwa makundi. Wanachotaka ni chakula chao.

Ninayemsema ni tasi wetu wa kila siku, wa rangi ya udongo mwenye madoadoa meupe, yule ambaye wenzetu wa Mombasa wanamwita tafi na wengine chafi. Wataalamu wanamwita Siganus sutor. Wengi wanaofika sokoni Deep Sea wameingia kwenye madema, ile mitego ya kusukwa, na mvuvi wa dema anajua siri hii tangu zamani, maana ndani ya dema lake anatia mwani. Sisi wa mshipi tunachofanya ni kuupeleka mwani huohuo kwenye ndoana.

Kwanza, miiba

Naliweka hili mbele kwa makusudi, hata kabla ya chambo. Tasi ana miiba 13 mgongoni, 7 chini karibu na mkia, na kila pezi la tumboni lina miwili. Jumla 24, na yote ina sumu. Haiui mtu mzima mwenye afya, lakini maumivu yake yanaweza kukufanya ukae chini kwenye mchanga na kusahau kilichokuleta. Samaki akifa miiba haifi naye. Ataendelea kuchoma ndani ya kapu, ndani ya mtumbwi, na jikoni.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria mshipi, tia mfukoni koleo, kitambaa kizito na mkasi imara. Beba pia chupa ya chai yenye maji ya moto, na nitasema kazi yake mbele. Viatu ni lazima. Anayevua tasi pekupeku ndani ya mtumbwi anatafuta shari.

Hatua ya 1: Mahali na maji

Tafuta sehemu yenye majani ya bahari yanayopakana na mawe au matumbawe. Ukiwa ufukweni Raskazone wakati maji yamekupwa, tembea uangalie kwa macho. Palipo na mawe yenye ndevu za kijani na majani yaliyokatwakatwa ncha, hapo wanalisha. Weka alama akilini, kisha rudi maji yakiwa yanajaa. Tasi hupanda na maji, na kuanzia maji nusu hadi yanapokaribia kujaa kabisa ndipo napenda kuwa na mshipi majini.

Bamvua kubwa, maji yanapojaa na kupwa sana, siipendi kwa boya. Maji yanakimbia, boya linabebwa, na takataka za majani zinajaa kwenye mshipi. Siku za maji mafu ni tulivu zaidi. Kipindi cha masika, mto Zigi na Mkulumuzi ikileta tope ghubani, sogea mbali na midomo ya mito au kaa nyumbani ushone nyavu, kwani tasi anatumia macho.

Kuhusu ruhusa: kusini mwa mji hadi kuelekea Pangani ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, na ina masharti yake. Uliza kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni) ya eneo lako au ofisi ya uvuvi kabla ya kwenda Yambe na visiwa vingine. Kuvua ndani ya eneo la bandari usijaribu.

Hatua ya 2: Chambo

Hapa ndipo penye somo lenyewe, basi tusiharakishe.

Chambo cha kwanza, na kwangu ndicho bora, ni mwani wa kijani wenye nyuzi nyembamba, ule unaoteleza unaoota kwenye mawe, kwenye kamba za nanga na kwenye matumbo ya mitumbwi iliyokaa majini. Kusanya pale pale unapotaka kuvua. Usiuoshe kwa maji baridi ya bomba, utalegea. Uweke kwenye gunia lililoloweshwa kwa maji ya bahari, kivulini, na kesho yake bado unafaa.

Kuufunga kwenye ndoana kunataka subira. Chukua nyuzi chache, unene wa njiti ya kiberiti. Zikunje katikati, zipitishe kwenye shingo ya ndoana juu kabisa, kisha zizungushe kushuka chini hadi kwenye mkunjo, na kila mzunguko uukaze kwa ukucha. Mwisho acha mkia wa urefu wa kifundo kimoja cha kidole unaning'inia. Ncha ya ndoana ibaki wazi kidogo. Ukiitia majini mbele yako utaona mkia unacheza na ndoana haionekani. Kama mwani umejikusanya kama donge, vua, anza upya. Donge halidonolewi.

Chambo cha pili ni unga. Unga wa ngano, maji ya bahari kidogo, mwani uliotwangwa, na dagaa wakavu waliosagwa, kijiko kimoja kwa kikombe cha unga. Kanda mpaka usishike vidole. Tatizo la unga ni kwamba tasi wanaumaliza kwa kudonoa kabla boya halijazama. Dawa yake ni kuchanganya nyuzi chache za pamba wakati wa kukanda, zinaushika unga kwenye ndoana. Kidonge kiwe kama punje ya choroko, si zaidi.

Boflo pia linafaa, nyama yake ya ndani, ukiiminya kwenye ndoana. Ni rahisi kupata na watoto wanalipenda. Lakini kila samaki mdogo wa ufuoni analipenda vilevile, na utamaliza mkate ukilisha wasio wako.

Hatua ya 3: Kumwaga kabla ya kuvua

Kundi la tasi linapita. Kazi yako ni kulisimamisha. Katakata mwani, changanya na makombo ya mkate na mchanga kidogo ili uzame, finyanga madonge na uyatupe mahali pamoja, kidogo kidogo. Robo saa ya kwanza usitupe ndoana kabisa. Najua ni vigumu. Baada ya hapo, kila baada ya dakika chache tupa gao moja. Ukimwaga ndoo nzima kwa mara moja watashiba na kuondoka.

Hatua ya 4: Kufunga mshipi

Mtindo wa boya. Mshipi mkuu nailoni ya milimita 0.30, mwisho wake kipande cha milimita 0.20 hadi 0.25 chenye urefu wa pima nusu, na ndoana namba 8 hadi 12. Kumbuka kwa ndoana hizi namba ikipanda ndoana inapungua. Ndoana iwe nyembamba na kali. Boya liwe dogo na jembamba. Kipande cha malapa kilichochongwa umbo la kalamu kinatosha. Chubwi ni punje ya risasi au mbili, kiasi cha kulifanya boya lisimame na kuacha ncha tu juu ya maji. Boya likiwa dogo kupita risasi yake linazama lenyewe, likiwa kubwa kupita kiasi samaki anahisi uzito na kutema. Pima kina, halafu weka ndoana shubiri moja juu ya majani.

Mtindo wa chini. Kwa wanaovua kwa mkono kutoka kwenye mtumbwi: chubwi dogo mwishoni, juu yake matawi mawili mafupi ya ndoana. Unafaa penye mkondo. Unanasa kwenye matumbawe, kwa hiyo kamba ya chubwi iwe dhaifu kuliko mshipi, ili ikikatika upoteze chubwi peke yake.

Mtindo wa donge, wa ndoana nne tano ndogo zilizozamishwa kwenye donge la mkate, upo na unakamata. Mimi siupendi. Samaki ananaswa jichoni au ubavuni, na kumtoa na miiba yake huku ndoana nyingine zinaning'inia ni kualika balaa.

Hatua ya 5: Kumvua na kumtoa

Boya la tasi halizami ghafla. Linatetemeka, linalala, linasogea kando. Usivute kwenye kutetemeka. Ngoja liende, ndipo unyanyue mkono kwa wepesi, si kwa nguvu, kwani mdomo wake ni mdogo na utamchana. Akishanaswa anakimbilia kwenye majani na mawe, basi usimlegezee.

Mpandishe kwa kiwavu kidogo, au mburute mchangani. Mkandamize kwa kitambaa, shika ndoana kwa koleo, pindua. Kisha mkasi: kata miiba yote, mgongoni, chini na tumboni. Mtumbue mapema, kwa sababu tumbo lake limejaa mwani na likikaa juani nyama inashika harufu. Wadogo wasiofika kiganja warudishe wakiwa hai.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Sahare:* Shikamoo mwalimu. Mimi navua tasi kwa chambo cha kamba, wale wadudu wa baharini wa kuliwa, na wananasa. Sasa huu mwani wa nini?

Marahaba. Sikukatalii. Tasi akikutana na kipande kidogo cha kamba anaweza kukichukua. Lakini hesabu unachotoa pamoja nao: chewa wadogo, kifuu, na wengine ambao hukuwataka, na kamba siku hizi si bei rahisi. Mwani ni bure na unachagua. Jaribu siku moja, ndoana moja mwani, nyingine kamba, mahali pamoja.

*Mama wa mwani, Mlingotini:* Hao tasi wenu wanatumalizia mwani shambani. Tunafunga kamba asubuhi, baada ya siku kadhaa ncha zote zimeliwa. Naweza kuwavua hapohapo?

Dada, shamba lako ndilo sehemu nzuri kuliko zote nilizotaja. Vua pembezoni upande wa maji mengi, kwa boya, na chambo kiwe vipande vya mwani wako mwenyewe vilivyokatika. Ndani ya kamba usitupe ndoana, itakupa kazi ya kufungua siku nzima na inaweza kumchoma mwenzako anayefunga mwani. Wekeni na dema moja mbili pembeni kama kikundi kinakubali. Kuwamaliza huwezi, lakini kitoweo utapata. Na wengine mnaosoma: mashamba haya yana wenyewe, wengi wao akina mama. Hodi kwanza.

*Kijana wa Muheza:* Usiku wanakula?

Hapana. Tasi ni wa mchana. Usiku anatulia kati ya majani, rangi yake inakuwa mabaka, na hana habari na chambo chako. Usiku vua vitu vingine.

*Mwanachama aliye Uingereza:* Kaka, huku hatuna tasi, ila kwenye mabwawa ya kulipia kuna samaki aitwaye kapu mla nyasi (grass carp). Mbinu hizi zinamfaa?

Baadhi. Naye ni mla majani, asili yake mito ya Asia ya Mashariki, kuanzia Amur kushuka China, na huko kwenu anawekwa bwawani makusudi. Yeye hana miiba ya sumu; meno yake yako kooni, ndiyo anayosagia majani. Kumwaga kidogo kidogo ni kulekule. Chambo badilisha: punje mbili tatu za mahindi matamu ya kopo, au ganda la mkate linaloelea siku ya joto anapokuwa juu. Ndoana kubwa kuliko ya tasi, namba 6 hadi 8, na mshipi mzito, maana anaweza kupita kilo 10. Wenzako huko hawatii mahindi kwenye ndoana yenyewe. Wanayatunga kwenye kiuzi kifupi kinachotoka nyuma ya shingo yake, samaki ananyonya chambo na ndoana inafuata. Jihadhari akifika karibu. Mara nyingi anakuja kwa upole mpaka ukingoni, na akiuona wavu ndipo anaanza vita, kwa hiyo rili iwe imelegezwa tayari. Kata leseni, fuata masharti ya bwawa, na aghalabu utatakiwa kumrudisha majini.

*Mwanachama wa Chumbageni:* Boya linacheza muda wote, nikivuta hakuna kitu, chambo kimeisha.

Mambo matatu. Ndoana yako kubwa, au kidonge cha unga kikubwa, au wanaodonoa si tasi bali samaki wadogo. Shuka ndoana moja, namba 10 uende 12, punguza kidonge, tia pamba. Ikiendelea, badili uweke mwani. Wadogo wengi watauacha, na kinachobaki kudonoa kitakuwa tasi.

*Mwanachama wa Pangani:* Nilichomwa mwaka jana, wakanipaka mafuta ya taa. Dawa sahihi ni ipi?

Pole sana. Mafuta ya taa hayasaidii. Sumu ya tasi inaharibiwa na joto, na ndiyo sababu ya ile chupa ya chai. Toa kipande cha mwiba kama kinaonekana, osha, kisha zamisha sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto yanayostahimilika, kama nyuzi 45, yasizidi. Joto lipime kwa mkono mzima, kwa sababu uliochomwa umekufa ganzi na unaweza kujiunguza bila kujua. Kaa hivyo nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiongeza maji yanapopoa. Usikate jeraha, usifunge kamba juu yake. Uvimbe ukizidi kupanda, pumzi ikibana, au mwiba ukiwa umevunjikia kwenye kiungo cha kidole, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.