Kona ya mwisho kabla ya kutua: Cessna 172, njia ya kutulia namba 21 (inayoelekea kama digrii 210) Mombasa, wakati wa kusi

Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki, nawe umepewa sakiti ya kushoto (mzunguko wa kutua ambao kona zake zote ni za kushoto), upande wa besi, yaani kipande kinachokatiza kuelekea mstari wa njia, utauruka huku upepo ukikusukuma mgongoni. Ndipo wengi hupitiliza mstari wa njia. Kupitiliza hakuui, kinachoua ni namna ya kujirekebisha.

1. Daunwindi (kipande kinachokwenda sambamba na njia, kinyume cha upande wa kutua): mwelekeo 030, futi 1,200 kwenye kipimo cha kimo (uwanja uko kama futi 200 juu ya bahari). Upepo unakusogeza kwenye njia, kwa hiyo elekeza pua kulia kidogo. Ukibanwa hapa, kona zote zitabana.

2. Besi: noti 70 (maili za baharini kwa saa), flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) digrii 20. Anza kona ya mwisho mapema kuliko siku isiyo na upepo.

3. Kona: mlalo wa mabawa wa digrii 20 hadi 25, usizidi 30. Cessna 172 ya modeli ya S yenye uzito kamili, flapu juu, hustoli (mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba) kwenye noti 48 ikiruka sawa. Ukishikilia kimo, digrii 30 hufanya 52, 45 hufanya 57, na 60 hufanya 68. Kasi yako ya besi ni 70, basi piga hesabu.

Kosa lenyewe huenda hivi. Umepitiliza, unaogopa kulaza zaidi, unakanyaga pedali ya kushoto ili pua izunguke. Bawa la kulia linakwenda kasi na kunyanyuka, nawe unazuia kwa usukani kulia. Sasa eleroni ya kushoto (kibao cha ncha ya bawa kinacholaza ndege) imeshuka, bawa hilo limeongezewa pembe dhidi ya hewa, pua inainama, unavuta. Bawa la kushoto linastoli kwanza na ndege inajipindua upande huo. Dalili ilikuwepo: kipira cha kipimo cha kona kilikimbilia kulia. Kikikimbia, kanyaga pedali ya upande kilipo.

4. Umepitiliza? Usikaze kona. Nyoosha mabawa, nguvu yote ya injini, flapu zikiwa 20, panda, uwaarifu mnara.

5. Honi ya onyo la stoli ikilia: sukuma usukani mbele kwanza, kisha nguvu, kisha nyoosha mabawa.

6. Spini (ndege iliyostoli inaanguka ikizunguka): gesi chini kabisa, eleroni katikati, pedali yote kinyume cha mzunguko, usukani mbele. Ikiacha kuzunguka, pedali katikati, vuta taratibu. Mzunguko mmoja na kujiokoa huweza kula futi 1,000, na kwenye kona ya mwisho una kama 500 tu. Stoli zifanyie mazoezi juu sana, mwalimu akiwa pembeni.