Kabla ya Kununua Gari Lililotumika: Likague Likiwa Baridi

Siku ya kwenda kuliona gari, mpigie muuzaji umwombe asiliwashe mpaka ufike. Mimi ni fundi, na simu hiyo fupi imewaokolea wateja wangu fedha nyingi. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi: kuwaka kwa shida, moshi wa mwanzo, milio ya oili isiyopanda haraka. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ina joto, subiri ipoe au rudi siku nyingine.

Hatua ya 1: Chini ya boneti

Fungua kifuniko cha redieta. Ni salama kwa sababu injini ni baridi; ikiwa ya moto usithubutu, maji yatakurukia usoni. Mafuta yakielea juu ya maji, ni dalili mbaya. Kisha chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi si kosa, hasa kwenye dizeli. Ninachokiogopa ni oili yenye rangi ya maziwa: maji yameingia, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi (kizuizi kinachotenga maji na oili ndani ya injini) ndiyo imeungua. Utando mweupe kwenye kifuniko cha oili peke yake, huku kijiti kikiwa safi, huenda ni unyevu wa safari fupi fupi, kwa hiyo usilikatae gari kwa hilo tu.

Injini iliyooshwa ikang'aa hunitia wasiwasi kuliko yenye vumbi. Vumbi huonyesha oili inapovujia.

Hatua ya 2: Washa

Fungua swichi bila kupiga stata. Taa za injini, oili, breki na eabegi ziwake zote, kisha zizimike injini ikishanguruma. Hesabu ambazo hazikuwaka kabisa. Niliwahi kumpitishia jamaa yangu gari lenye dashibodi safi, na baadaye nikakuta taa ya injini imezibwa kwa utepe mweusi. Tangu hapo siwashi injini kabla ya kuzikagua taa hizo.

Mwenzako asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli au dizeli inayozidi. Mvuke mwembamba unaokwisha baada ya muda mfupi ni kawaida, lakini moshi mweupe mzito usiokoma ni maji ya redieta.

Hatua ya 3: Bodi

Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika kwenye bati, pengine chini kuna pati, yaani plasta ya kuziba mabonde (bodi ya alumini nayo haishiki). Tazama kama mapengo ya milango yanalingana na kama mipira ya vioo imerukiwa rangi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, uinue na zulia la buti: tope au alama ya maji ni gari la mafuriko. Kwenye tairi, tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa; 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Hatua ya 4: Barabarani

Kata usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole. Ukisikia ka-ka-ka, jointi za ekseli zimechoka. Funga breki kwa nguvu mahali salama uone kama gari linavuta upande. Kwa gia za otomatiki, weka D ukiwa umekanyaga breki: gia ikichelewa kushika au ikashika kwa kishindo, hapo ndipo mimi huacha kujadili bei na kuondoka. Gia boksi haina matengenezo madogo.

Hatua ya 5: Mashine na namba ya chasisi

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari iendeshwe na fundi wako, si wa muuzaji. Asiishie kwenye makosa yaliyoorodheshwa. Vipimo vya ndani, ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe gari likiendeshwa, vikionyesha havijakamilika, huenda kumbukumbu ya makosa imefutwa karibuni, au betri ilichomolewa. Endesha gari siku kadhaa kama muuzaji anakubali, kisha lipimwe tena.

Mwisho linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati na iliyo kwenye hati, herufi kwa herufi. Kwa kawaida ni herufi na tarakimu 17, ingawa magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi. Zikitofautiana hata kwa moja, usitoe hata malipo ya awali.