SOMO: Kumtoa mgeni kwenye maiki ya mtangazaji

Wakuu, ukirekodi mahojiano meza moja, kila mtu na maiki yake, hebu sikiliza traki ya mtangazaji peke yake. Mgeni naye yumo, kwa mbali, kama yuko chumba cha pili. Ukichanganya traki zote, anasikika mara mbili na sauti inakuwa na kamwangwi. Dawa yake ni kichujio kinachojirekebisha chenyewe. Natumia NLMS, hesabu inayopunguza kosa la kichujio kidogo kidogo, iliyozaliwa na hesabu ya LMS ya Widrow na Hoff ya 1960.

1. Rekodi zote kwenye kifaa kimoja, WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde. Sauti isipasuke, maana mpasuko kichujio hiki hakiuwezi.

2. Traki ya mgeni iite x, ya mtangazaji d. Maiki zikiachana mita 1, sauti ya mgeni inafika kwa mtangazaji imechelewa sampuli 140 hivi, na nyingine inagonga ukuta kwanza. Kichujio chenyewe ni orodha ya namba za kuzidishia, tuiite w. Mimi naweka namba 1,024, sawa na milisekunde 21.

3. Namba zote zianze na sifuri. Zidisha kila moja na sampuli yake ya x, ukianzia ya sasa kurudi nyuma, jumlisha upate y, yaani makadirio ya sauti ya mgeni iliyovuja. Rudia hivi kwa kila sampuli. Halafu:

e = d − y
w = w + 0.3 × e × x / (jumla ya x² + 0.000001)

Hiyo e, yaani mtangazaji bila mgeni, ndiyo unayohifadhi.

4. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mtangazaji akiongea, simamisha mstari wa pili, ule wa kurekebisha w. Mara ya kwanza sikuusimamisha. Kichujio kikaanza kumtafuna mtangazaji mwenyewe, "eeh, eeh" zake zikatoka kama yuko ndani ya ndoo. Siku hizi d ikizidi nusu ya kilele cha x cha karibuni, w inabaki ilivyo.

MASWALI

— Mkuu, nimerekodi kwa simu mbili tofauti. Itakubali?
Itakusumbua. Saa za simu zikipishana sehemu 20 tu kwa milioni, dakika moja ni sampuli 58 hivi. Zinyooshe traki kwanza, ziende sawa.

— Mimi nina traki moja tu, ukumbi una mwangwi balaa.
Hapo huna x, ndugu. Kichujio hakina cha kulinganisha.

— Kwa nini nisizime tu maiki ya asiyeongea?
Wakiongea kwa zamu, zima. Wangu wanakatizana kila sentensi.