Karatasi Kwanza, Gunia Baadaye: Kusafirisha Kontena la Ufuta kutoka Kilindini

"Shikamoo shangazi. Nina ufuta tani kumi na tisa, na mnunuzi nimempata Uturuki. Jumatatu naleta lori."

Mtoto wa kaka yangu alikuwa Msambweni aliponipigia. Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia lori aliache huko huko. Kazi hii ya forodha naifanya mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nilianza nikihesabu magunia kwenye ghala moja Shimanzi, na mizigo mingi niliyoiona ikikwama haikuwa na kasoro yoyote. Chai ilikuwa nzuri, kahawa nzuri, ufuta mweupe pepe. Kilichokuwa na kasoro ni makaratasi. Kwa hivyo haya niliyomweleza yeye nakueleza na wewe.

Anza na bei, na uulize: bei hii inaishia wapi? Ukiuza FOB Mombasa, gharama na hatari ni zako mpaka mzigo upakiwe melini kwenye bandari ya Kilindini. Nauli ya bahari ni ya mnunuzi. Ukiuza CIF Mersin, bandari ya Uturuki, nauli na bima unalipa wewe. Hapa wengi hukosea: hata kwenye CIF, hatari humhamia mnunuzi mzigo ukishapakiwa hapa Mombasa. Unalipia safari, lakini likitokea la kutokea baharini, mwenye kudai bima ni yeye. Watunga kanuni za Incoterms 2020, yaani kanuni za kimataifa za masharti haya ya bei, wanashauri FCA, ambako hatari humhamia mnunuzi ukishalikabidhi kontena, kwa mizigo ya makontena, kwa sababu kontena unalikabidhi bandarini siku kadhaa kabla meli haijafunga gati. Hata hivyo wanunuzi wengi bado watakutajia FOB. Kijana wetu nilimwambia auze FOB. Tangu meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi zilizungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema, na nauli zikapanda na kushuka bila kutabirika. Mtu anayeuza kwa mara ya kwanza asijibebeshe mzigo huo.

Malipo nataka uyaelewe vizuri zaidi ya yote. Mnunuzi humjui, naye hakujui, kwa hivyo benki yake inatoa LC: ahadi kwamba italipa ikiletewa hati zilizotajwa, zikiwa kama zilivyotajwa. Benki haiendi kuangalia ufuta. Inasoma hati tu, na kwa UCP 600, kanuni za kimataifa za LC, ina siku tano za kazi za kuzikagua. Miaka ya mwanzo niliandaa ankara nikaruka herufi moja katika jina la mnunuzi. Benki ikazikataa hati. Tulipomaliza kuandikiana, wiki tatu zilikuwa zimepita, kontena limeshafika bandari ya ng'ambo, na ada ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku. Mwenye mzigo alikuwa mzee wa Kilifi aliyekopa kununua mazao ya majirani zake, na majirani hao walikuwa wakimngoja kila jioni mlangoni. Sijaisahau sura yake. Tangu siku hiyo, LC ikifika naichapisha, naikalia na kalamu nyekundu, na kila neno lisilotekelezeka naomba lirekebishwe kabla gunia halijatoka shambani. Tazama tarehe ya mwisho ya kupakia. Tazama pia siku za kuwasilisha hati: LC isiposema, ni siku 21 tangu mzigo upakiwe, na LC yenyewe iwe haijaisha muda.

Ukisharidhika na LC, ndipo uende serikalini. Unahitaji PIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya KRA (mamlaka ya mapato) na usajili kwenye mfumo wa KenTrade, ambako vibali vya taasisi mbalimbali huombwa mahali pamoja na ambako mzigo wako hupewa namba yake ya utambulisho, UCR. Ufuta ni mmea, kwa hivyo utahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, taasisi ya serikali ya ukaguzi wa mimea. Mwambie mnunuzi akutumie masharti ya nchi yake kwa maandishi, kwa sababu mkaguzi anakagua kufuata masharti hayo. Wakitaka ufukizaji, cheti chake kitaje dawa, kipimo na saa. Cheti cha asili ya bidhaa cha kawaida hutolewa na Chemba ya Biashara. Vile vya kupata nafuu ya ushuru chini ya mikataba, kama EUR.1 ya Ulaya, hupitia KRA. Namba ya HS ya ufuta, yaani namba ya forodha ya kuainisha bidhaa, ni 1207.40. Tarakimu hizo sita ni za dunia nzima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili zake. Iandike sawasawa kila mahali.

Mbao nazo zina sheria. Ukiweka magunia juu ya paleti, au ukikazia mzigo kwa vipande vya mbao, ziwe zimepashwa moto mpaka nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30 na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia. Kama huna uhakika, pakia magunia bila mbao.

Siku ya kupakia, usimtume mtu. Nenda. Ingia ndani ya kontena, mwambie kibarua afunge milango, usimame gizani. Ukiona nukta ya mwanga, hapo ndipo maji yatakapoingia, likatae. Linuse pia, maana ufuta una mafuta na hunyonya harufu ya samaki au dawa iliyokuwemo kabla. Sakafu iwe kavu, kuta zifunikwe karatasi nene, mifuko ya kunyonya unyevu itundikwe juu. Kontena hutoka jasho likipita kutoka joto letu hadi baridi ya bahari za mbali, na jasho hilo hudondoka juu ya magunia.

Tani 19 kwa magunia ya kilo 50 ni magunia 380. Weka wahesabuji wawili wasiosimama pamoja. Mlango ukifungwa, piga picha ya namba ya kontena na namba ya sili. Kisha pima uzito kamili, yaani VGM: mzigo, magunia yenyewe na kontena tupu. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena lisilo na VGM halipandi melini.

Tamko la forodha huwekwa na wakala mwenye leseni ya KRA kupitia iCMS, mfumo wa forodha wa kompyuta. Mwombe akuonyeshe leseni ya mwaka huu, kwa sababu huisha kila Desemba. Maafisa wakiamua kufungua kontena, uwepo wewe au mtu wako, na uandike namba ya sili mpya. Sili ikibadilika kwenye kontena na isibadilike kwenye hati, umerudi kwenye shida ya yule mzee wa Kilifi. Kontena liingie bandarini kabla ya muda wa kufunga uliotangazwa na kampuni ya meli. Foleni ya malori Changamwe haitakuwa kisingizio, kwa hivyo toka siku moja mapema.

Meli ikiondoka utapewa hati ya shehena, kwa kawaida nakala tatu halisi. Hiyo ndiyo mali yenyewe: aliyeishika ndiye mwenye ufuta. Kabla haijachapwa watakutumia rasimu. Isome na LC ikiwa pembeni, neno kwa neno, kisha mpe mtu mwingine aisome. Halafu zipeleke zote tatu benki kwa mkono wako.

Ukisharudi, omba nakala ya tamko lililothibitishwa kwamba mzigo umetoka nchini. Mauzo ya nje yana VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 0, na bila ushahidi huo hutaweza kudai ulicholipa kwenye magunia na usafiri. Faili lote litunze miaka mitano. La mtoto wa kaka yangu liko kwenye kabati langu, rafu ya chini, pamoja na picha mbili za sili.